Ile waranti ya miaka 25 ya sola sio ya betri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Najua barua ni ndefu ila nakuomba usiikate, maana msimu wa korosho ndo huu unaanza na huku kwetu Kusini hela ya mnada ikiingia tu kila nyumba inawaza mabati, pikipiki au sola, na hapo kwenye sola ndo watu wanaumia na wengi hawasemi.

Mi naishi Tandahimba mkoani Mtwara. Umeme wa REA kijijini kwetu umefika lakini kitongoji chetu bado, nguzo ziliishia pale shuleni. Nauza barafu za ubuyu na ukwaju, maji ya baridi, soda, na nina cherehani ya umeme. Kwahiyo Novemba 2023 malipo ya korosho yalivyotoka mi na mume wangu tukachukua milioni 3 na laki 4 tukamwambia kijana wetu anayesoma umeme VETA atusindikize Dar, tukaenda Kariakoo tukanunua paneli 4 za wati 250, inveta moja (ile inayochaji betri na kugeuza umeme wake uwashe vitu vya nyumbani), betri 2 za jeli za Ah 200 (Ah ndo ujazo wa betri), nyaya na vikorokoro vyake. Duka likatupa fundi, akaja nasi mpaka huku akafunga, nauli na chakula chake juu yetu.

Siku ile dukani yule kijana muuzaji alinipokea vizuri sana, akanivutia kiti, akanipa maji. Nikamuuliza mwanangu hivi vitu vikiharibika inakuwaje? Akasema "mama angu hii waranti yake miaka 25, hii utawaachia wajukuu." Mi nikaelewa kila kitu kilichokuwa mezani pale ni miaka 25. Mume wangu akaelewa hivyohivyo. Ni kijana wetu tu aliyemwambia kaka naomba utuandikie kwenye risiti kila kitu na waranti yake, yule akasita kidogo, akauliza mwenzake, ndo akaandika kwa peni pembeni "betri miaka 2, inveta mwaka 1". Kwakweli nilimkasirikia mwanangu, niliona anamsumbua mtu aliyetupokea vizuri. Leo namshukuru Mungu kwa ile peni.

Mhariri naomba niwaeleze wasomaji nilichojifunza, maana nimekifuatilia mwaka mzima huu mpaka nimekielewa. Ile miaka 25 ipo kweli, hawadanganyi, ila ni ya paneli peke yake. Na hata kwenye paneli zenyewe waranti ni mbili tofauti. Ya kwanza ni ya paneli kama kitu, yani kioo, fremu, kile kiboksi cha nyuma kinachotokea nyaya, hiyo kwa paneli nyingi ni miaka 10 au 12, hizi za sasaivi nyingine wanatoa 15 mpaka 25. Ya pili ndo hiyo 25 wanayoitangaza, ni ya nguvu, wanakwambia paneli itapungua nguvu kidogokidogo kila mwaka ila ikifika mwaka wa 25 itakuwa bado inatoa angalau asilimia 80 ya ile nguvu iliyoandikwa nyuma, na nyingine mpya wanaahidi karibu asilimia 85. Yani paneli yangu ya wati 250 ikija kutoa wati 200 mwaka wa 25 hapo hakuna wa kumdai, ndo waranti yenyewe ilivyosema.

Na kuidai sasa. Zile wati 250 zimepimwa kiwandani kwenye mwanga wa wati 1000 kwa mita moja ya mraba na seli za paneli zikiwa kwenye joto la nyuzi 25. Nani Tandahimba ana paneli ya nyuzi 25 saa saba mchana juu ya bati? Kijana wangu ananiambia juu pale inaweza kufika nyuzi 60 na zaidi, na kila nyuzi moja ikizidi 25 paneli nyingi zinapoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu, kwahiyo paneli nzima kabisa ya 250 mchana wa joto unaweza kuipima ukakuta 210 na haina ugonjwa wowote. Ukitaka kumthibitishia mwenye kiwanda kwamba paneli yako imechoka kuliko alivyoahidi unahitaji vipimo ambavyo fundi wa kawaida hana. Alafu mwenye kiwanda mwenyewe yuko China, na kiwanda nacho kinaweza kufa kabla ya paneli, kuna kampuni kubwa ya Ujerumani inaitwa SolarWorld iliuza paneli dunia nzima kwa waranti ya miaka 25 na mwaka 2017 ikafilisika.

Sisemi paneli ni mbovu, hapana, paneli ndo kitu kigumu kuliko vyote kwenye sola. Ndo maana inaniuma kwamba waranti inayotangazwa kwa sauti ni ya kile kitu ambacho hakifi ovyo, na vile vinavyokufa mapema, betri na inveta, waranti yake unaambiwa ukishalipa au hauambiwi kabisa.

Sasa nirudi kwangu. Mwaka wa kwanza sola ilifanya kazi vizuri, barafu zinaganda, cherehani inazunguka, watoto wanasoma usiku. Januari 2025, mwezi wa 14 toka tufunge, nikaanza kusikia ile king'ora ya inveta saa tisa usiku, friza imezima. Wiki inayofuata ikawa saa sita. Alafu saa nne. Mwisho jua likizama tu na friza inazima. Asubuhi nafungua friza nakuta vile vifuko vya ubuyu vimelegea vyote, maji mekundu yametuama chini, nayachota kwa kikombe namwaga. Barafu ikishayeyuka ukaigandisha tena inakuwa na ile mibonge ya maji juu na ubuyu wote umezama chini, watoto wa shule hawaitaki na wana haki.

Fundi wa hapa jirani akaja na mita akasema betri zimekufa zote mbili. Nikampigia muuzaji, akaniambia mama zilete tuzipime. Zilete! Betri moja ya jeli ya Ah 200 inafika kilo 60. Tulizibeba kwa bodaboda moja moja mpaka stendi, konda akataka elfu 25 kwa kila betri, tukaondoka alfajiri tukafika Mbagala jioni mgongo wote unauma, pale tukakodi guta mpaka Kariakoo kesho yake asubuhi. Kurudi tena hivyohivyo. Waranti yao haisemi popote kwamba gharama ya kusafirisha kitu kibovu ni ya nani, na pasipoandikwa ujue ni yako. Hili watu hawaliulizi kabisa, na kwetu tunaokaa mbali na Dar ndo swali la kwanza kuuliza: kikiharibika nakipeleka wapi, nani analipa mzigo, na wakati nasubiri mnaniachia nini. Bora ununue kwa bei ya juu kidogo Mtwara mjini au Masasi kwenye duka ambalo unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo, mi ningejua ningefanya hivyo.

Dukani wakazichomeka kwenye chaja usiku mzima. Asubuhi fundi wao akaweka mita, ikasoma volti 12.8. Akanigeuzia nione, "nzima hii mama." Mi ningerudi nyumbani siku ile Mhariri, ningebeba betri zangu nikarudi, maana namba naiona na macho yangu. Kijana wetu ndo akasema kaka betri iliyotoka kwenye chaja hata kama imekufa itasoma volti nzuri, ipe mzigo. Wakabishana. Mwisho wakachomeka pasi ya umeme kwenye inveta ya dukani, betri yangu ya kwanza. Nilikuwa nimesimama pale naangalia ile mita, 12.8, ikashuka 11.9, 11.4, dakika kumi hazijaisha ikawa 10.6 na inveta inalia. Betri nzima ya Ah 200 ingeibeba pasi ile zaidi ya saa nzima. Ya pili ikafanya hivyohivyo. Yule fundi akanyamaza, akachomoa nyaya taratibu.

Kwahiyo ndugu msomaji ukipeleka betri ya waranti usikubali kipimo cha mita peke yake, volti bila mzigo haikwambii betri ina uwezo gani. Na kabla hujanunua uliza, nyie mnaposema betri imekufa mnamaanisha imefika wapi? Maana betri haifi kama balbu, inapungua. Ni ikibaki asilimia 80 ndo mnabadilisha? 60? Au mpaka isiwashe kabisa? Wengi hawana jibu kwasababu hawajawahi kuulizwa.

Baada ya hapo wakaleta hoja ya pili, wakasema sawa zimekufa ila mmeziua wenyewe, mmezitumia mpaka zikaisha, na waranti haihusiki na hilo. Wakatoa kikaratasi cha waranti, kurasa nne za Kiingereza, maandishi kama ya kwenye boksi la dawa. Kijana akasoma, ni kweli limeandikwa: betri ikimalizwa chaji kupita kiasi, ikichajiwa kwa volti zisizo zake, ikikaa kwenye joto, ikifungwa na mtu asiye na ujuzi, waranti imekufa. Mi nilikuwa sijawahi kukiona kile kikaratasi, hakikuwemo kwenye vitu tulivyopewa.

Hapa nitasema kwa urefu kidogo maana ndo penyewe. Betri za aina hii, za jeli na zile za maji, hazitakiwi kutumika kuvuka nusu, ukiwa na Ah 200 hesabu una 100 za kutumia, ukizimaliza kila siku zinakufa mapema sana. Anayezuia zisimalizike ni inveta, kuna sehemu unaiseti ikifika volti fulani ikate. Sasa ya kwetu, kijana alipoiangalia baada ya betri kufa, aliikuta imesetiwa kukata kwenye 21.0, na betri zetu ni mbili za volti 12 zimefuatana, jumla volti 24, yani kila betri inaruhusiwa kushuka mpaka 10.5, hapo ni kwamba imeisha yote. Ilikuwa hivyo toka kiwandani na yule fundi hakuigusa. Alafu sehemu ya aina ya betri kioo kiliandika FLD, hiyo ni ya betri za maji, inachaji kwa volti 29.2, wakati zetu ni jeli na mwenye betri ameandika ubavuni mwisho 28.2. Kwahiyo kwa miezi 14 betri zangu zilikuwa zinakaushwa mchana na kumalizwa usiku, na mi nipo ndani ya nyumba hiyohiyo nagandisha barafu sijui lolote. Kijana alikuwa amepiga picha kile kioo kwa simu kabla hajabadilisha kitu. Akawaonyesha.

Unajua walijibu nini? Wakasema fundi yule sio mwajiriwa wetu, ni fundi wa kujitegemea, sisi tulimuunganisha tu na nyie.

Nililia pale Mhariri. Sio kwa hela tu. Nililia kwasababu nilielewa siku ile kwamba mwenye betri anasema kosa la kufunga, mwenye duka anasema kosa la fundi, fundi simu haipokei, na mimi niliyelipa wote watatu sina wa kumshika. Kumbe kuna waranti nyingine kabisa ambayo huku sijaona mtu anaidai, ya kazi ya fundi. Anayefunga aandike jina lake, tarehe, ameseti nini, na kwa muda gani akikosea anarudi kurekebisha bila malipo. Na kama duka ndo linakuletea fundi basi duka liandike kwamba kazi yake ni kazi ya duka. Bila hilo karatasi la betri hata likiandikwa miaka 10 lina mlango mkubwa wa kutokea.

Mwenye duka mwenyewe alikuja mchana, mzee mmoja mtu wa ibada, akasikiliza, akaangalia ile risiti yetu ya peni. Niseme kitu hapa kuhusu risiti. Ile inayotoka kwenye mashine ya EFD tulikuwa nayo na tuliitunza vizuri ndani ya Kurani ya mume wangu, ila tulivyoitoa ilikuwa nyeupe, wino wote umefutika, huwezi kusoma hata jina la duka. Zile karatasi ndivyo zilivyo, baada ya muda maandishi yanafutika. Ipige picha siku hiyohiyo, itoe kopi. Kilichotuokoa ni ile risiti ya kitabu yenye mwandiko wa peni, na tarehe waliyoandika wenyewe kwa maka pen ubavuni mwa betri. Namba za seriali hawakuandika kwenye risiti, mwanzoni walitaka hata kusema betri sio zao.

Mzee akaamua tupewe betri moja. Moja, akasema tugawane hasara. Na watu mtasema afadhali, hata mi nilishukuru, lakini betri mbili zilizofuatana huwezi kuweka moja mpya na moja iliyokufa, ile mbovu itaivuta mpya na miezi michache zote zitakuwa sawa. Kwahiyo ikabidi ya pili tuinunue, laki 7 na nusu tulikopa kwenye kikoba. Wakati wanaandika nikauliza hii mnayonipa waranti yake inaanza leo? Yule kijana akasema hapana mama, inaendelea ile ya zamani, itaisha Novemba 2025. Nimekuja kujua hiyo ndo kawaida, kitu cha kubadilishiwa kinarithi siku zilizobaki za kile kilichokufa, sio kwamba saa inaanza upya. Hakuna aliyeniambia mpaka nilipouliza.

Naomba niseme na kuhusu inveta, kwa ufupi. Nyingi zinazouzwa huku ni mwaka mmoja au miwili, za gharama ndo unakuta miaka 5. Ina stika ndogo kwenye skrubu, ikichanika waranti imeondoka, kwahiyo usimruhusu fundi yeyote aifungue hata kama anasema anaangalia tu. Radi haimo kwenye waranti, na huku kwetu kipindi cha masika radi ni ya kila mwaka, weka waya wa ethi unaoingia ardhini na kile kifaa cha kuzuia radi. Wadudu nao hawamo. Jirani yangu inveta yake ilizima, wakaipeleka kwenye duka walikonunua wakaifungua mbele yake, wakakuta mjusi mdogo amekauka kama karatasi, amelala juu ya bodi miguu miwili upande huu na miwili upande ule, pale alipogusa pameungua peusi. Miezi minne tu toka ainunue. Hawakumlipa kitu. Sasaivi mi yangu nimeifunga ukutani mbali na dirisha, na matundu yake ya hewa fundi ameyawekea wavu mwembamba, hauzibi hewa.

Wengi wananiuliza je lithiamu? Lithiamu ni nzuri, ni nyepesi, unaweza kuitumia zaidi ya nusu bila kuiua, ila na yenyewe soma. Ubaoni wanaandika "mizunguko 6000", yani kuichaji na kuitumia ni mzunguko mmoja, ukipiga hesabu ya mzunguko mmoja kwa siku unapata zaidi ya miaka 16, unafurahi. Ila 6000 ni kipimo cha maabara, kwenye joto la nyuzi 25 na bila kuimaliza yote, waranti yenyewe ni miaka 5 au 10, na mara nyingi ina kipimo kingine cha umeme wote uliopita ndani ya betri, kinachotangulia kati ya miaka na hicho kipimo ndo mwisho. Na mwisho wa waranti wanaahidi itabaki na asilimia 60 au 70, sio ujazo wote.

Kwa wale wanaochukua vile visola vidogo vya taa na redio au vya lipa kidogo kidogo, huko angalau kuna utaratibu, kuna mpango wa kimataifa wa kupima ubora unaitwa VeraSol, kinachopita huko lazima mnunuzi apewe waranti isiyopungua mwaka mmoja kwa taa ndogo na miaka 2 kwa kile kiboksi cha sola ya nyumba pamoja na betri yake, ingawa vifaa vya kuchomeka kama redio ni mwaka mmoja. Sisi tunaonunua kipande kipande Kariakoo, paneli ya huyu inveta ya yule, hatuna wa kutupimia.

Sheria zipo Mhariri, nimeulizia. Kuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema ukimweleza mfanyabiashara unakitaka kitu kwa kazi gani na ukamtegemea ujuzi wake, basi kitu anachokuuzia lazima kifae kwa kazi hiyo. Mi nilimwambia yule kijana kwa mdomo wangu nataka kugandisha barafu usiku na mchana. Kuna Sheria ya Ushindani ya 2003 na tume yake ya FCC ambayo kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji, na ndo haohao wanaokamata bidhaa bandia. Viwango viko kwa TBS, shirika la viwango. Lakini risiti zetu chini kabisa zimechapwa "mali ikishauzwa hairudishwi" na mtu wa kijijini akisoma hayo maneno anajua mambo yameisha, hata haulizi FCC ni nini.

Ninachoomba ni kidogo. Naomba FCC na TBS wawalazimishe wauza sola watoe karatasi moja ya waranti kwa Kiswahili, kabla mteja hajalipa sio baada. Iwe na paneli peke yake, betri peke yake, inveta peke yake, kazi ya fundi peke yake, kila kimoja muda wake na namba yake ya seriali, na iseme nani anabeba gharama ya mzigo na kitu gani kinaifuta waranti. Karatasi moja tu. Tunapewa mbegu na dawa za mikorosho zina maelezo ya Kiswahili mpaka kiasi cha maji kwenye pampu, itashindikanaje kwa kitu cha milioni 3? Na nawaomba wenye maduka, nyie ni ndugu zetu, wengine ni watu wa huku huku Kusini, msiseme "miaka 25" mkanyamaza. Mama anayeshika hela ya korosho ya mwaka mzima mkononi hajui kama unaongelea paneli peke yake.

Sasaivi kijana amebadilisha mipangilio, inveta inakata kwenye 24, yani 12 kwa kila betri, na FLD imetolewa. Friza nalikimbiza mchana jua likiwepo, usiku nalizima na kulifunika blanketi, barafu zinafika asubuhi zikiwa ngumu. Kitu kimoja ndo kinanipa mawazo. Betri mbili zimekaa pamoja, zimefungwa waya mmoja, zinafanya kazi moja. Moja waranti yake inaisha mwezi ujao, nyingine ile tuliyokopa kikoba ina mpaka Februari 2027. Ile ya mwezi ujao ikifa Desemba na kuivuta mwenzake, je hiyo ya pili watanibadilishia au wataniambia imeuliwa na mwenzie? Nimewatumia swali hili dukani kwa WhatsApp toka Agosti, tiki mbili za bluu zipo. Kama kuna mtu wa FCC au fundi anayesoma gazeti hili na anajua jibu, naomba anijibu humuhumu ili na wengine wasome.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama muuza barafu,
Tandahimba, Mtwara.
Oktoba 2025